Je, Wajua? Duara la Dodoma, Matope ya Kondoa na Mbio za Magari Zilizokataa Kuzunguka

Sogea karibu, msomaji, leo tunaongea magari! Je, wajua kwamba barabara kuu nne zinazotoka Dodoma mjini kwenda pande nne za nchi zinakaribiana mno kwa urefu? Kwenda Morogoro ni kama kilomita 260. Kwenda Iringa ni kama 260 vilevile. Babati ni 251, na Singida ni kama 240. Fungua ramani, weka kidole Dodoma, uone mwenyewe!

Sasa shika hii. Mbio za Formula One za Monaco, zile zinazotazamwa dunia nzima, ni mizunguko 78 ya njia yenye urefu wa kilomita 3.337. Zidisha. Unapata kilomita 260! Yaani bingwa anayeizunguka mitaa ya Monaco, ukiinyoosha njia yake, ametoka Iringa akafika Dodoma. Basi!

Na kona je? Njia ya Monaco ina kona 19. Mara 78, hizo ni kona 1,482 ndani ya siku moja, na nyingi ziko sentimita chache tu kutoka kwenye vyuma vya pembeni. Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro, usukani wako unapumzika kwa maili nyingi.

Mwaka 2007 Fernando Alonso alimaliza kilomita hizo 260 kwa saa 1 na dakika 40. Lori linaloheshimu kikomo chake cha kilomita 80 kwa saa litatumia saa 3 na robo kutoka Iringa hadi Dodoma, hapo halijasimama popote. Ukifika penye makazi, kikomo ni 50. Usisahau hiyo, ndugu yangu!

Je, wajua kwamba Dodoma inajengewa duara lake? Ni barabara ya mzunguko wa nje, njia nne, kilomita 112.3. Kipande cha kwanza kinaanzia Nala, kinapita Veyula na Mtumba hadi bandari kavu ya Ihumwa: kilomita 52.3. Cha pili kinatoka Ihumwa, kinapita Matumbulu na kurudi Nala: kilomita 60. Duara limefunga!

Hebu angalia lilivyopangwa. Nala iko kwenye barabara ya Singida. Veyula iko kwenye barabara ya Arusha. Mtumba na Ihumwa ziko upande wa barabara ya Dar es Salaam, na Matumbulu iko kwenye barabara ya Iringa. Njia zote nne kuu zinakatwa na duara moja. Rais Samia Suluhu Hassan aliliwekea jiwe la msingi Februari 2022, na kazi yake ni kuyapitisha malori nje ya mji.

Ila tulipime kwa macho ya mpenda mbio! Njia ndefu kuliko zote za Formula One kwa sasa ni Spa-Francorchamps ya Ubelgiji, kilomita 7.004. Ndani ya duara la Dodoma, Spa inaingia mara 16. Monaco inaingia mara 33, na bado nafasi inabaki.

Wajerumani wana Nürburgring, ile njia ya zamani inayozunguka msituni, kilomita 20.832 na kona zaidi ya 70. Dereva Jackie Stewart aliipa jina la jehanamu ya kijani. Duara la Dodoma linaizidi mara 5!

Umekaa vizuri? Maana sasa tunarudi nyuma, na hapa ndipo utamu ulipo.

Je, wajua kwamba mbio kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki zilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alichoka kuzunguka? Mwaka 1950 Kenya ilikuwa na njia ya mbio iliyoitwa Langa Langa, kule Bonde la Ufa upande wa Gilgil. Eric Cecil alimuuliza binamu yake, Neil Vincent, kama angeshiriki. Vincent akamjibu kwamba haoni kitu cha kuchosha kama kuzungukazunguka pale pale. Nipe mbio za kuingia garini, akasema, kufunga mlango, kukata nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika nyumbani ndiye mshindi. Hizo nitakuja!

Cecil hakuliacha neno hilo lipite. Tarehe 27 Mei 1953 mbio zilianza kweli, na zikaisha Juni 1. Zilipita nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Ziliitwa Coronation Safari, kwa sababu siku hizo hizo Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa anatawazwa Uingereza.

Na huyo Eric Cecil aliyezianzisha? Mwaka 1956 alipanda gari aina ya DKW pamoja na Tony Vickers, akazishinda mwenyewe!

Je, wajua magari ya mwanzo yaligawanywa makundi kwa kigezo gani? Ukubwa wa injini? La. Kasi? Hapana. Yaligawanywa kwa bei ya dukani! Aliyenunua gari la bei ndogo alishindana na wenzake wa bei ndogo, na gari lilipaswa kuwa la kawaida, lile lile ambalo mwalimu au mfanyabiashara angelikuta likiuzwa.

Ndiyo maana gari lililofanya vizuri kuliko yote mwaka 1953 lilikuwa Volkswagen ile ndogo yenye injini nyuma. Alan Dix na Johnny Larsen ndio waliokuwa ndani. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha wakaja na Volkswagen tena, wakachukua ushindi.

Unajua mshindi alipatikanaje? Si kwa kupata pointi nyingi, bali kwa kupata chache! Kila kituo kilikuwa na muda wake, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa pointi moja ya adhabu. Mchore akilini msoma ramani: saa mkononi, kadi ya muda mapajani, tochi midomoni, gari linaruka makorongo, naye anahesabu dakika. Dereva alisifiwa, lakini kadi ile ndiyo iliyoamua.

Na kama pointi zikilingana? Ilitokea mwaka 1973! Shekhar Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza sawasawa. Ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta akashinda kwa hilo.

Mehta huyo alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa Waasia waliolazimika kuondoka enzi za Idi Amin. Kenya ikawa kwao. Akashinda Safari mara 5: mwaka 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Minne mfululizo, msomaji! Hakuna mwingine aliyefika hapo.

Turudi kwetu Kanda ya Kati. Je, wajua kwamba kabla hakujawa na lami, gari lililotoka Iringa kwenda Arusha kwa njia ya bara lilipita Dodoma, Kondoa na Babati? Hiyo ndiyo Barabara Kuu ya Kaskazini, sehemu ya ile njia ya ndoto kutoka Cape Town hadi Cairo. Dodoma ipo kwenye njia hiyo, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,100.

Mbio za Safari kwa miaka mingi zilifanywa Pasaka. Pasaka huangukia Machi au Aprili, mvua ikiwa bado inanyesha sehemu nyingi. Waandaaji hawakuukwepa msimu huo. Waliutaka! Matope yalikuwa sehemu ya mtihani.

Na uliza mtu yeyote wa Bahi au Kondoa kuhusu udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Mvua ikishuka, udongo ule ule unavimba, unang'ang'ania tairi mpaka meno ya tairi yanajaa na kupotea, na gurudumu linazunguka bila kusogea hata hatua. Dodoma hupata mvua ndogo tu, kama milimita 570 kwa mwaka, lakini karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Ikija, inakuja kwa mkupuo, na mto uliokuwa mchanga mtupu asubuhi unakuwa hauvukiki jioni!

Hata majeshi yalikwama hapo. Aprili 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Jenerali van Deventer alitoka Arusha na wapanda farasi wake, akaingia Kondoa tarehe 19. Mvua ikafunga barabara nyuma yake. Malori ya chakula yakazama matopeni, farasi wakafa kwa mamia, na Dodoma hakuiona mpaka mwisho wa Julai.

Je, wajua kwamba barabara hiyo ilisubiri lami yote mpaka mwaka 2018? Aprili mwaka huo Rais John Magufuli aliizindua barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251. Kabla yake, wasafiri wengi wa Dodoma kwenda Arusha walishuka mpaka Morogoro na Chalinze, kisha wakapanda Korogwe na Moshi: zaidi ya kilomita 800. Kwa Kondoa ni kama 420. Nusu nzima ya safari imefutwa!

Siku chache tu baada ya uzinduzi ule, ikazinduliwa pia ya Iringa hadi Dodoma. Hiyo ina jambo lake. Pale Mtera, gari lako linavuka juu ya ukuta wa bwawa lenyewe: upande mmoja ziwa, upande mwingine Ruaha Mkuu unaendelea na njia yake.

Ukipita Kolo, kaskazini ya Kondoa, punguza mwendo. Michoro ya miambani ya huko iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2006, na mapango yenye michoro yanazidi 150. Haihusiani na mbio, lakini kuikosa ni hasara.

Tuendelee kaskazini kidogo, hadi Mbulu. Je, wajua mteremko wa Magara, ule unaoshuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Ziwa Manyara? Wakongwe wa Safari waliuogopa. Kona za kujikunja, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hewa tupu, na chini ya tairi utelezi. Watu wa Mbulu waliyasukuma magari kwa mabega yao mpaka yakapanda.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari. Yangapi yalimaliza? Otea. Saba! Magari 77 yaliishia njiani, mengine matopeni, mengine yakiwa yamevunjika. Washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff na Peugeot 404.

Sasa sikia maajabu. Mwaka 1968 yalianza magari zaidi ya 90, na mvua ikawa ya kutisha. Yakamaliza mangapi? Saba tena! Na nani walishinda? Nowicki na Cliff, wale wale, na Peugeot 404 tena. Ungeandika hadithi hiyo ya kubuni, mhariri angekurudishia.

Katika mbio zile za mwaka 1963, Erik Carlsson wa Sweden alikuwa anaongoza na gari lake dogo la Saab. Kilichomtoa hakikuwa mpinzani. Alimgonga mhanga, yule mnyama anayechimba vichuguu usiku kutafuta mchwa! Mbio zake zikaishia hapo.

Carlsson hakukata tamaa, akarudi mwaka 1964 na msoma ramani wake Gunnar Palm. Saab ikazama kwenye matope, hakuna mti wa kufungia kamba, hakuna trekta. Wakafanya nini? Wakaibiringisha! Waliipindua ikalala ubavu, ikapita juu ya paa, ikasimama tena kwa magurudumu yake mahali pagumu. Wakawasha, wakaondoka, na mwisho wa mbio wakawa wa pili. Waandishi wa habari walikataa kuamini, basi Carlsson akaibiringisha tena mbele ya macho yao.

Iliwezekanaje? Saab 96 ilikuwa ndogo kweli. Injini yake ilikuwa na silinda 3 tu na ujazo wa cc 841. Bodaboda nyingi za Dodoma zina cc 125 au 150, kwa hiyo injini ya gari zima ilikuwa sawa na ya bodaboda sita hivi.

Je, wajua kwamba mwanamke alishika nafasi ya tatu katika Safari mwaka 1962? Ni Pat Moss wa Uingereza, na ndani ya gari alikuwa na mwanamke mwenzake, Ann Riley. Wanaume wengi walibaki njiani wakivuta kamba. Mwaka uliofuata Pat akaolewa na Erik Carlsson, yule yule wa kubiringisha!

Na kaka yake Pat? Stirling Moss! Oktoba 1958 Stirling alishinda mbio za Formula One za Morocco pale Ain-Diab, Casablanca, njia ya kilomita 7.618 pembeni ya bahari. Ndizo mbio pekee za ubingwa wa Formula One zilizowahi kufanyika Morocco. Kaka kaskazini, dada mashariki, na wote wawili waling'ara Afrika.

Ubingwa huo haujarudi Afrika tangu Machi 1993, Alain Prost aliposhinda Kyalami, Afrika Kusini. Bara zima, na hakuna hata mbio moja. Naliona hilo ni pengo kubwa, nalisema wazi.

Sasa simama wima, Mtanzania, hii ni yako. Je, wajua kwamba wakazi wa Tanzania walishinda Safari mara mbili mfululizo? Mwaka 1966 na mwaka 1967! Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, waliwapiga wote kwa Peugeot 404. Madereva wa viwanda vikubwa walikuja na mafundi wao na fedha zao kutoka Ulaya. Wakarudi mikono mitupu.

Inanisikitisha kwamba vijana wengi wanaozijua timu zote za Formula One hawajawahi kulisikia jina la Shankland. Ushindi mara mbili! Waambie.

Unajua wageni walichukua muda gani kushinda? Miaka 19! Kuanzia 1953 mpaka 1971 kila ushindi ulichukuliwa na wakazi wa Afrika Mashariki. Ni mwaka 1972 tu ambapo Hannu Mikkola wa Finland alivunja mwiko na Ford Escort. Msoma ramani wake? Gunnar Palm, yule yule aliyeibiringisha Saab pamoja na Carlsson miaka minane kabla!

Na mbio hizo za mwaka 1972 zilianzia wapi? Dar es Salaam! Wakati huo Safari ilikuwa ya nchi zote tatu, na magari yalizijua njia za Tanzania kama yalivyozijua za Kenya. Miaka michache baadaye ikabaki ndani ya Kenya peke yake.

Joginder Singh naye tusimpite haraka. Mwaka 1965 alishinda na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo iliyokwisha kutumika, gari ambalo kiwanda kilikuwa kimemalizana nalo. Gari lao lilibeba namba 1, likatangulia kuondoka, na likatangulia kwenye matokeo. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Kumbuka wale saba wa mwaka 1963, halafu upime hiyo 19!

Peugeot je? Zilishinda Safari mara 6: 404 mara nne, 504 mara mbili. Sasa unaelewa kwa nini gari hizo zilibeba abiria mikoani miaka nenda rudi, kuku juu ya paa, gunia la karanga nyuma.

Ukitaja karanga umetaja Kongwa! Je, wajua kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940 vifaru vya vita vililima huko? Waingereza walitaka mashamba makubwa ya karanga, matrekta hayakutosha, basi kampuni ya Vickers ikachukua vifaru aina ya Sherman na kuvigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Ardhi ya Kongwa ikakauka ngumu, ikavishinda vyuma. Mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Na angani? Miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways kutoka Cairo kwenda Cape Town zilitua Dodoma. Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha kusini. Abiria wa London walishuka hapa kunyoosha miguu!

Leo kitu cha kasi Dodoma ni treni ya umeme. Ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, na inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Alonso kule Monaco mwaka 2007 alikuwa na wastani wa 155. Umeisikia hiyo? Ukiwa umekaa kwenye kiti chako kati ya Morogoro na Dodoma unakunywa chai, huenda unakwenda kasi kama ile ya mshindi wa Formula One!

Tulinganishe urefu sasa. Mbio za kawaida za Formula One ni kama kilomita 305. Safari za miaka ya 1960 zilikuwa kama kilomita 5,000. Hizo ni mbio 16 za Formula One ndani ya siku nne au tano, usiku na mchana, bila lami ya uhakika.

Ulaya kuna mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Rekodi yake ya umbali iliwekwa mwaka 2010: kilomita 5,410, mizunguko 397 ya njia ile ile. Umbali wao unalingana na wa Safari, ila wao hawakuvuka mto hata mmoja.

Na je, wajua kwamba barabara za Safari hazikufungwa? Dereva wa mbio alikutana na basi, ng'ombe, baiskeli yenye mkaa na watoto wanaotoka shule. Baadaye timu kubwa zikaanza kurusha helikopta mbele ya gari, rubani akiwaonya kwa redio. Magari yalivaa vyuma vizito mbele vya kukinga wanyama, na mengine yaliwekewa bomba la hewa lililopanda hadi kwenye paa ili injini isinywe maji mitoni.

Björn Waldegård wa Sweden alishinda Safari mwaka 1990 akiwa na miaka 46. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mtu mwenye umri mkubwa zaidi aliyeshinda mbio za ubingwa wa dunia wa rali. Umri umemtosha? Wapi! Mwaka 2011 akashinda Safari ya magari ya zamani, ile iliyoanzishwa mwaka 2003, akiwa na miaka 68, ndani ya Porsche 911. Mara kadhaa mbio hizo za magari ya zamani zimeingia Tanzania na kulala Arusha.

Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Subaru, mbio alizoshinda Mkenya mwenzake Ian Duncan. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yako Naivasha na kilomita za ushindani ni zaidi ya 300. Mwaka 2022 Toyota zilishika nafasi ya 1, 2, 3 na 4. Mwaka 2023? 1, 2, 3 na 4 tena!

Moja la mwisho kuhusu Dodoma. Je, wajua kwamba ramani kuu ya mji mkuu, iliyochorwa mwaka 1976 na wataalamu wa Toronto, Kanada, iliwatanguliza watembea kwa miguu na mabasi, si magari binafsi? Mji unaojengewa duara la kilomita 112.3 ulipangwa kwanza kwa ajili ya miguu!

Sasa zamu yako, msomaji. Kama nyumbani kwenu, iwe Kondoa, Babati, Mbulu au Arusha, kuna mzee aliyesimama kando ya barabara Pasaka zile au aliyesukuma gari la mbio kwenye matope, kamuulize wiki hii. Uliza gari lilikuwa la aina gani, lilibeba namba ngapi, lilikwamia wapi. Andika kwa Kiswahili, weka na mwaka, maana wazee hao wanapungua.